Punje Mbili za Mrututu

Mnyama aliletwa Nyamongo kwa basi kutoka Mwanza, ndani ya kasha jeupe la barafu lililozungushiwa selotepu, na pale stendi vijana wawili walikataa katakata kumsaidia Mzee Mniko kulishusha. Walisema kitu kinachokwaruza namna ile ndani ya boksi si cha heri. Mzee Mniko akawaita waoga, akalishusha mwenyewe, akapanda nalo bodaboda mpaka gesti ya Mama Eugenia, amelipakata mapajani kama sufuria ya mchuzi.

Walipolifungua, Felista, binti wa mapokezi, alikimbilia nyuma ya kaunta. Ndani kulikuwa na kitu cha kahawia, cha mviringo kama bakuli lililofunikwa, chenye mkia mrefu mkavu, na ukikigeuza unaona miguu mingi inayochezacheza yote kwa pamoja. Juu ya gamba kulikuwa na macho mawili madogo yasiyomtazama mtu.

"Haya, fundi wetu huyu hapa," alisema Mama Eugenia, akafungua simu na kusoma ujumbe wa muuzaji. Muuzaji aliitwa Baltazar, kijana mwenye duka la samaki wa mapambo huko Mwanza. Aliandika kwamba huyu ni mnyama wa baharini kutoka nchi za mbali, kwamba Wazungu wamempa jina la kile chuma wanachowapigilia farasi kwatoni kwa sababu ya umbo lake, na yeye kwa Kiswahili anamwita kaa kwato. Kazi yake ilikuwa moja tu, kula ukoga wa kijani kwenye tangi la maji ya chumvi. "Mtie ndani, Mama," ujumbe ulimalizia. "Wiki mbili tu utajiona uso wako kwenye kioo."

Mtu atauliza tangi la maji ya chumvi linatafuta nini Nyamongo, mahali ambapo vumbi la malori linaingia mpaka kwenye chai. Jibu ni kwamba Mama Eugenia hakuumbwa kushindwa. Alikuja wilaya ya Tarime akiwa nesi wa serikali, akitokea Karagwe, akapazoea, akastaafu, akajenga gesti ya vyumba kumi na viwili kwa ajili ya mafundi wanaokuja kwa kazi za mgodi. Kisha mtu mwingine akajenga gesti ya ghorofa, hatua chache tu kutoka hapo. Ghorofa Mama hakuiweza. Kwa hiyo mhandisi mmoja mgeni alipomaliza mkataba wake na kuacha tangi lake la samaki, kioo kirefu kama meza ya chakula, Mama alilichukua kwa furaha ya mtu aliyeokota ghorofa. Ndani walibaki samaki watatu, wawili rangi ya chungwa wenye mistari myeupe na mmoja wa njano. Akamkabidhi Mzee Mniko, aliyekuwa mtunza bustani wake.

"Wewe ni mfugaji, mzee," alimwambia. "Hawa nao ni mifugo."

Mzee Mniko aliona ametukanwa. Mwanaume wa kijiji cha Kerende, miaka sitini na moja, apewe samaki watatu wa kioo awachunge! Lakini aliwapokea, maana ng'ombe wa kumtetea hakuwa nao tena.

Alikuwa nao kumi na mmoja. Miaka mitatu iliyopita, siku ya Ijumaa, alimkuta jike wake mwekundu amelegeza masikio, matezi yamevimba, hataki kula. Ndigana, ile homa ya kupe. Mfugaji yeyote wa pale angeijua kwa mbali. Dawa ilikuwepo nyumbani, nusu chupa. Ila safari iliyopita bwana mifugo alikuwa amemkaripia mbele ya watu kwa kuchoma sindano kwa kubahatisha, akamwambia, mzee wangu, siku nyingine nisubiri. Basi akasubiri. Bwana mifugo alikuwa amekwenda msibani Issenye na akarudi Jumatatu. Jumatatu hiyo wawili walikuwa wamekufa, na kabla mwezi haujaisha zizi lilikuwa tupu. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwa sababu mtu akilaumiwa angalau anapata nafasi ya kugomba. Tangu hapo alijiapiza moyoni kwamba hakuna mnyama mwingine atakayefia mikononi mwake eti kwa sababu yeye amekaa kumsubiri mtaalamu.

Hayo hakumwambia mtu. Alimshusha kaa kwato majini kwa mikono yake miwili, polepole, akamwita Mgeni.

Siku za kwanza alivuta stuli akakaa mbele ya kioo amwone akilamba ukoga. Mgeni hakulamba kitu. Hata kukipanda kioo hakuweza; alijaribu mara moja akaanguka chali, akajipindua kwa ule mkia wake, akaenda zake. Kazi aliyoijua ilikuwa kulima. Alizama mchangani akachimba kama plau, akatokea upande wa pili, akageuka, akarudi kwa mfuo mwingine. Wafanyakazi wa mgodi waliokuja kunywa chai walisimama na vizibao vyao vya kung'aa wakamshangaa. Mzee Mniko akajikuta anawaelezea, anawaonya wasigongegonge kioo, anawaambia huyu bado mgeni, mwacheni azoee.

"Mzee, umeshaanza kumpenda," Felista alimtania.

"Nani ampende mdudu?" alijibu kwa ukali, na kesho yake akafika kazini nusu saa kabla ya wakati.

Wiki mbili zikapita. Kioo kilikuwa kijani kama kilivyokuwa, na Mama Eugenia akaanza kukipita huku akiguna. Lakini Mzee Mniko alikuwa ameona jambo baya zaidi. Asubuhi moja, akisafisha, alimwinua Mgeni. Alikuwa mwepesi. Mfugaji hampimi mnyama kwa macho tu. Mkono wake una kumbukumbu, na mkono wa Mzee Mniko ulikumbuka uzito wa siku ile ya boksi. Ng'ombe akikonda utaona mbavu, utaona nyonga. Huyu gamba lake halikondi. Anaweza kwisha humo ndani kidogo kidogo, na nje akabaki vilevile mpaka siku ya mwisho.

Akampigia simu Baltazar.

"Shikamoo, mzee," Baltazar aliitikia kwa sauti ya mtu mwenye haraka. "Umempa chakula? Usimpe. Ukimpa chakula atakuwa mvivu, hatagusa ukoga. Mwache njaa imfundishe kazi."

"Njaa imfundishe kazi?"

"Ndiyo, mzee. Wote wako hivyo."

Mzee Mniko alikata simu bila kuaga. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakapata moto. Maisha yake yote hakuwahi kumwona mnyama aliyefundishwa na njaa kitu kingine zaidi ya kufa. Alikwenda jikoni, akaomba dagaa mmoja aliyelowekwa, akamvunja vipande, akatelezesha kipande chini ya gamba. Mgeni alitulia kidogo, kisha miguu yote ikashika kazi mara moja na kipande kikapotea. Mzee Mniko alicheka peke yake mbele ya kioo, kama siku ile ndama yatima alipokubali chupa.

Ikawa kila asubuhi dagaa mmoja, wakati mwingine wawili. Mkono ukaanza kusikia uzito ukirudi. Lakini lipo jambo ambalo hakulijua na wala hakuwepo wa kumwambia. Vile vipande vilivyobaki mchangani na kuoza vilikuwa mbolea safi kwa ukoga. Kadiri Mgeni alivyonenepa, ndivyo ukijani ulivyosambaa kutoka kwenye kioo ukapanda mawe, ukafunika bomba la pampu, ukaning'inia kama nywele. Samaki wakawa wanaonekana kama wako shambani. Wema wa mzee ulikuwa unamchimbia Mgeni kaburi, na yeye aliendelea kuloweka dagaa.

Jumamosi moja Mama Eugenia alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Jumatano nina wageni wa warsha, watu kumi na wawili, gesti nzima," alisema. "Baltazar anakuja Alhamisi kuangalia pampu, lakini mimi simsubiri. Mpaka Jumanne jioni, kama kioo kiko hivi, fundi huyu anatoka. Gamba lake zuri. Tutalikausha, tutalipaka vanishi, tulitundike hapa juu ya kaunta."

"Na yeye mwenyewe?" aliuliza Mzee Mniko.

"Yeye mwenyewe nani, mzee? Si ndiye mwenye gamba?"

Felista akacheka. Mzee Mniko hakucheka. Neno lilimfika kwenye ulimi, kwamba mnyama huyu hali ukoga, hajawahi kula ukoga, anakula dagaa na kulima mchanga, basi. Akalirudisha neno tumboni. Akisema hivyo Mama atauliza sasa tunamweka wa nini, na hapo hata Jumanne haitafika. Aliyeajiriwa kula ukoga hawezi kuokolewa kwa kusema hali ukoga.

Siku hiyo alikwangua kioo kwa kitambaa mpaka mabega yakamuuma. Mlango wa juu ulikuwa mwembamba na mkono haukufika nyuma ya mawe. Alipomaliza, maji yalikuwa yamegeuka supu ya kijani na samaki wanatweta. Akaacha, akarudi Kerende kwa miguu, kichwa chini, mpaka waliomsalimia njiani walidhani anaumwa.

Nyumbani alikaa kwenye jiwe la mlangoni mwa zizi, pale alipopenda kukaa zamani jua likianza kupoa. Birika la saruji la kunyweshea ng'ombe lilikuwa bado lipo, limejaa maji ya mvua, limeota ukoga. Alilitazama muda mrefu. Kisha akasimama kwa ghafla kama mtu aliyeitwa.

Enzi za ng'ombe, birika likiota hivi, hakuna aliyeumiza kichwa. Ulichukua mrututu, vile vijiwe vya buluu mnavyovijua, vilevile vya kuoshea kwato wakati wa masika matope yanapozioza, ukatupia kidogo tu. Siku tatu, maji meupe. Baba yake alifanya hivyo na majirani wote walifanya hivyo. Ng'ombe walikunywa, ndama walikunywa, na hakuna aliyewahi kukohoa. Na kopo la mrututu lilikuwa darini mpaka leo.

Alilishusha akapuliza vumbi. Vijiwe viling'aa kama vipya. Akawaza kwamba kama ndama wa wiki mbili ameyanywa maji hayo akabaki mzima, huyu mwenye gamba gumu namna ile atadhurika na nini? Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, akatoa simu mfukoni amuulize Baltazar. Jina likatokea kwenye kioo cha simu. Akalitazama. Mwache njaa imfundishe kazi. Mtu wa namna hiyo atamwambia nini cha maana? Atamwambia, mzee, nisubiri nije Alhamisi. Na Alhamisi gamba litakuwa tayari limepakwa vanishi.

Akairudisha simu mfukoni.

Jumapili Mama Eugenia alikwenda misa na Felista alikuwa uani anaanika mashuka. Mzee Mniko alichagua vijiwe viwili, kila kimoja ukubwa wa punje ya mahindi, wala hakuzidisha, maana hakuwa mtu wa kupenda kuzidisha dawa. Akaviyeyusha kwenye kikombe cha maji ya moto. Maji yakawa buluu nzuri sana. Akamimina taratibu karibu na pampu, akiitazama rangi ikitawanyika na kupotea.

"Haya, Mgeni," alinong'ona. "Nimekusaidia kazi. Wewe nyamaza tu, watadhani ni wewe."

Akajisikia mwepesi kuliko alivyojisikia kwa miaka mitatu. Safari hii hakusubiri mtu.

Jumatatu ukoga ulianza kuwa wa kijivu. Jumanne ulibanduka wenyewe, mapande kwa mapande, naye akaufyonza kwa mpira na kuumwaga. Kufika saa nne kioo kilikuwa safi na maji yanang'aa, samaki wa njano anawaka humo kama taa. Mama Eugenia alipotoka ofisini alipiga kigelegele mpaka wageni wawili wakafungua milango ya vyumba. Akampigia simu Baltazar na kuweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Fundi amefanya kazi!" alipaza sauti. "Siku tatu tu! Basi Alhamisi niletee wengine wawili."

"Si nilikwambia, Mama?" Baltazar alijibu, na hata kwenye simu ulisikia anavyotabasamu.

Mzee Mniko alisimama na ndoo yake, kifua kimemjaa. Alimtazama Mama akicheka, akamtazama Felista akipiga picha, na kwa muda huo mfupi aliona dunia imemrudishia kitu. Kisha akageuka kumtafuta Mgeni ampe habari.

Mgeni hakuwa mchangani. Alikuwa juu ya mchanga, chali, na miguu inafunguka na kufunga polepole kama mkono wa mtu aliyelala. Mzee Mniko akamgeuza. Mgeni alikaa kidogo, akaenda hatua mbili, akajikunja, akalala tena. Mkia ambao siku zote ulimsaidia kujipindua ulisukuma mara moja ukaacha. Akampa dagaa. Miguu iligusa kipande, haikukishika. Kipande kikabaki pale juu ya mchanga mweupe ambao sasa kila mtu aliuona vizuri.

Mzee Mniko hakuhitaji kuambiwa. Mnyama akikataa chakula siku mbili tu baada ya dawa, mfugaji anajua ni nini kilichoingia mwilini mwake na nani aliyekiingiza. Alichanganya chumvi ya pakiti kwenye beseni jipya, maji mapya, akamhamishia Mgeni humo, akavuta na mpira wa hewa. Kutwa nzima alichutama pembeni ya beseni amemshikilia kwa kiganja asilale chali. Felista alimletea ugali akauacha ukapoa.

"Anaumwa nini, mzee?"

"Amechoka," alisema, na sauti yake haikuwa yake.

Jumatano asubuhi alipofika alimkuta amekufa. Alikuwa mzito sasa, uzito wa maji tu. Wakati huohuo wageni wa warsha walikuwa mapokezi wanapiga picha na tangi, na Mama Eugenia anasimulia habari za fundi wake kutoka nchi za mbali. Alipoletewa taarifa, aliweka mkono shavuni.

"Maskini! Amevimbiwa. Ukoga wote ule peke yake!"

Wageni wakacheka, wengine wakasema pole. Mama akaagiza gamba lianikwe nyuma ya jiko, kwenye kivuli, lisipasuke. Kazi ya kuanika akapewa Mzee Mniko. Akalianika.

Kwa nini hakusema siku hiyo? Aliona aibu. Kutwa alizunguka bustani akimwagilia maua yaliyokuwa yameshamwagiliwa. Kila alipopita nyuma ya jiko aliliona gamba, na kila alipolikwepa alikumbuka kwamba kesho wanakuja wawili. Maji yale yale yalikuwa yanawasubiri, meupe pe.

Baltazar alifika Alhamisi saa tano, kijana mwembamba mwenye kofia ya kapelo, amechoka na safari. Aliamkia wote kwa adabu, akaweka kasha jeupe juu ya kaunta. Mkwaruzo ulisikika mle ndani, mwepesi zaidi kuliko ule wa kwanza. Alipokata selotepu Mzee Mniko alichungulia. Walikuwa wadogo, wawili, kila mmoja angeenea kwenye kiganja, na mmoja alikuwa amempanda mwenzake mgongoni.

"Wanapendeza!" alisema Mama Eugenia. "Watie, watie niwaone."

Baltazar akamwinua wa kwanza, akanyoosha mkono juu ya tangi.

"Usimtie," alisema Mzee Mniko.

Wote wakamgeukia. Akatia mkono kwenye koti akatoa kopo, akaliweka kwenye kaunta kando ya kitabu cha wageni. Baltazar akamrudisha mnyama ndani ya kasha, akafungua kopo, akatazama vile vijiwe vya buluu.

"Mrututu," alisema polepole. "Mzee, umetia hii humo?"

"Punje mbili. Jumapili."

"Hii ni shaba, mzee. Samaki huweza kuvumilia kidogo. Hawa hawawezi. Na haitoki hivihivi, imeshaingia kwenye mchanga, imeingia kwenye mawe. Ningewatia hawa wangekufa wote wawili."

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Mama Eugenia. Kicheko chote cha wiki ile kilikuwa kimemtoka usoni. "Hakuvimbiwa. Ni wewe umemuua."

"Ni mimi, Mama. Ukoga niliutoa mimi, na yeye nikamuua mimi. Lakini nawe mura," akamgeukia Baltazar, akimwita kijana kwa Kikurya, "mwambie Mama ukweli. Hawa wanakula ukoga?"

Baltazar alivua kofia akaitazama ndani kama jibu limeandikwa humo.

"Wanachimba mchanga," alisema mwisho. "Ukoga, labda kwa bahati. Ndivyo wanavyouzwa, Mama. Hata mimi niliuziwa hivyo."

Mama Eugenia hata hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Mzee Mniko, na sasa aliyekuwa akiongea hakuwa mwenye gesti tena, alikuwa nesi.

"Miaka thelathini nimegawa dawa," alisema. "Thelathini! Nimeona watu wamezikwa kwa dawa za kubahatisha. Mtu hampi mgonjwa kitu kwa sababu kilimponya ng'ombe. Simu unayo, namba ya huyu kijana unayo, na alikuwa anakuja Alhamisi, siku nne tu. Siku nne, mzee! Ulishindwa nini kumsubiri?"

Masikioni mwa Mzee Mniko ni sauti ileile, maneno yaleyale, isipokuwa safari ile yalitoka kwa bwana mifugo. Alitaka kueleza habari za vanishi, na za dagaa, na za ule wepesi alioushika mkononi. Yote yalimpotea.

"Nilishawahi kusubiri, Mama," alisema.

Mama Eugenia alimwajiri mwezi uleule zizi lake lilipobaki tupu, na habari za ng'ombe wale hakuna asiyezijua kuanzia Kerende mpaka Nyamongo. Alivuta kiti akakaa. Akajipangusa uso na ncha ya kitenge.

"Toa maji yote," alisema taratibu. "Na mchanga. Na mawe. Usimwage njiani, mifugo ya watu inapita. Mwaga chooni."

"Na mimi?"

"Toa maji kwanza, mzee."

Samaki watatu waliwekwa kwenye beseni. Mzee Mniko alikunja suruali akaanza kuchota, ndoo baada ya ndoo, maji safi ambayo ungeweza kusomea gazeti upande wa pili. Kila alipokwenda chooni na kurudi, alipita mbele ya kaunta, na kasha jeupe lilikuwa palepale, kifuniko wazi, mpira wa hewa unabubujika. Basi la Mwanza lilikuwa la kesho. Wale wawili walikuwa wanazunguka mle ndani, wanakwaruza, wanatafuta mchanga usiokuwepo.

Ndoo ya ishirini na kitu alisimama. Akaenda jikoni, akarudi na dagaa mmoja aliyelowekwa, amemvunja vipande. Akainama juu ya kasha. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye maji alipousimamisha, na matone ya maji ya dagaa yakadondoka kutoka vidoleni.

"Niwape," alimuuliza Baltazar, "au nisubiri?"

Baltazar, ambaye kwenye simu hakuwahi kukosa jibu, alitazama vipande vile, akatazama wanyama wake.

"Sijui, mzee," alisema.

Mzee Mniko akabaki ameinama hivyohivyo, dagaa mkononi, anawasikiliza wakikwaruza.